Matanga Ghorofa ya Tisa

Yuliana Kokugonza, mzaliwa wa Muleba, alifika Dubai wakati mtaa wa Al Nahda ungali na viwanja vya mchanga katikati ya majengo. Kutoka dirishani pake aliweza kuona magari yanayoingia Sharjah, mji wa jirani. Leo akifungua pazia anaona dirisha la mtu mwingine, na huyo mtu mwingine naye anamwona yeye. Jiji limefurika. Watu wanashuka na ndege kila kukicha kutoka kila pembe ya dunia, na kila anayeshuka anataka paa. Mwenye jengo, ambaye zamani alikuwa anabembeleza wapangaji wa aina ya Yuliana, sasa hana haja nao hata chembe. Anataka mume, mke, watoto wawili na gari. Kutaka faida si dhambi. Kusahau upesi namna ile ndiko kunakoudhi.

Flati yao ya ghorofa ya tisa ilikuwa ya vyumba viwili, ila ilikatwakatwa kwa mbao za plaiwudi mpaka kila mtu akapata kijichumba cha kitanda kimoja na msumari wa kutundikia nguo. Aliyeikodi kwa mwenye jengo ni bwana mmoja aitwaye Mubin, mwenye duka la simu, naye akaipangisha tena kitanda kwa kitanda. Walilala humo wanawake pekee, Watanzania na Wakenya: wahudumu wa hoteli, walinzi, wafanya usafi. Yuliana alikuwa anafanya usafi kwenye kliniki moja ya Oud Metha. Ndiye aliyekuwa mkongwe wa flati, na kwa ukongwe huo akaachiwa kutunga sheria.

Sheria kubwa ilikuwa moja: kiatu kisibaki nje. Wanawake wale walikuja na tabia ya makwao, ya kuvua mlangoni kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Lakini kwenye korido ya ghorofa, viatu vinatoa siri. Serikali ya jiji ilikuwa imepiga marufuku watu kulundikana kwenye vyumba vya mbao, na mkaguzi akiona ndara na raba zimejaa mlangoni kama msikitini siku ya Ijumaa, hana haja ya kuuliza. Kwa hiyo kila anayeingia alivua, akatia viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki, akavisukuma chini ya kitanda. Anayesahau, Yuliana alimsema mpaka akome. Flati nyingine zote za mbao katika jengo lile zilishafungwa, zikapakwa rangi na kutiwa familia. Ya kwao ilibaki kwa sababu ya mifuko ile.

Na ikifungwa, Yuliana hana pa kwenda. Vitanda anavyovimudu vilishahamia mbali, huko ndani Sharjah, ambako foleni ya asubuhi ingemfikisha kliniki wenzake wameshamaliza kupiga deki. Msimamizi wake hakuwa mtu wa kuelezwa habari za foleni. Kukosa kitanda kile kulikuwa kukosa kazi, na ukikosa kazi, kibali cha kukaa nacho kinakwenda. Yuliana alilijua hilo alivyolijua jina lake.

Basi Jumapili moja asubuhi ikaingia simu kutoka Muleba. Mama amefariki. Maziko Jumanne.

Yuliana alimpigia msimamizi wake. Madam akampa pole, tena pole ya kweli, kisha akamwambia likizo yake iko mwezi wa nane na hakuna wa kumshikia zamu. Apumzike Jumatatu, Jumanne arudi kazini. Ndiyo kusema alipewa siku moja ya kulia, na siku ambayo mama yake anashushwa kaburini yeye atakuwa anafuta vioo.

Habari za msiba zikishasikika, watu wetu hawaulizi kama pana nafasi. Agnes, binti wa Moshi anayefanya kazi hotelini, alitoa meza sebuleni na kutandika mkeka kwenye kiupenyo kilichobaki. Yuliana akakalishwa pale, khanga kiunoni, kichwa wazi. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wanamiminika. Walikuja wa jumuiya, walikuja wa Deira, walikuja Wazanzibari wawili ambao Yuliana hakuwajua hata kwa sura. Walisikia tu kwamba kuna mwenzao kafiwa. Kila mmoja alivua viatu mlangoni akaingia ameinama, maana nyumba ya msiba huingii na kiatu wala na mfuko wa kiatu.

Agnes akaja kumnong'oneza. "Dada Yuli, viatu vimejaa korido nzima. Niviingize?"

Virginia, Mkenya aliyekuwa mlinzi kule Jumeirah Lake Towers, alikuwa nyuma yake. "Auntie, tuviingize tu. Huyo jirani wa opposite ni mgeni, na hatujui roho yake. Si poa."

Yuliana aliinua uso. Macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa ileile ya kutunga sheria.

"Viacheni," alisema. "Miaka yote nimeingia kwangu kama mwizi, viatu mkononi. Leo mama yangu amekufa. Anayepita aone kwamba hapa kuna watu, na wana msiba."

Hakuna aliyembishia. Nani ambishie mfiwa? Walisali rozari, wakaimba, wakalia, na Yuliana akalia hasa, kilio kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu asubuhi. Sauti yake ilitoka nje ya mlango, nayo hakuizuia. Kwa saa chache pale palikuwa nyumbani kwake.

Alasiri akapanda Wahid, mlinzi wa jengo, Mbangladeshi mpole aliyezoeana nao. Alikuja kugomba. "Sister, viatu, please, yalla," alianza, kisha akaona mkeka na khanga. Agnes akamweleza. Wahid akavua ndara zake, akaziweka pamoja na za wenzake, akaingia kumpa Yuliana pole na kumwombea marehemu kwa Kiarabu. Alipotoka alimvuta Agnes pembeni.

"Yule wa mbele amepiga picha," alimwambia. "Ameshawatumia ofisi ya jengo. Mimi siwezi kitu."

Agnes alimficha Yuliana jambo hilo mpaka asubuhi. Asubuhi halikufichika tena.

Walikuja mtu wa ofisi ya jengo, wakaguzi wawili, na Mubin nyuma yao akijifuta jasho. Mkaguzi mkubwa aliuliza wanaishi wangapi.

"Wanne tu, sir," alisema Virginia, bado na sare yake ya kazini.

Mkaguzi akamwonyesha simu. Korido ilikuwa imejaa viatu mpaka karibu na lifti.

"Hao walikuwa wageni," alisema Yuliana kutoka mkekani. "Nimefiwa na mama yangu. Walikuja kunipa pole. Si wakaaji, naapa kwa Mungu."

Na alikuwa anasema kweli tupu. Mkaguzi akashusha simu. "Allah yerhamha," alisema taratibu, akimwombea marehemu rehema. Kisha akagonga plaiwudi kwa kifundo cha kidole. "Hivyo viatu ni vya wageni, nakubali. Na hizi mbao?"

Mubin ndiye aliyejibu, akisema khalas, basi yameisha, atazitoa leo hii, na wanawake wataondoka leo hii. Alimwinamia Yuliana kana kwamba anamhani. "Nilikwambia viatu ndani, sister. Mara ngapi nilikwambia?"

Mafundi walioitwa na Mubin wakaanza na sebule. Walipofika kwenye kijichumba chake, Yuliana alinyanyuka mkekani kwa mara ya kwanza, akawaomba wangoje. Picha ya mama yake ilikuwa imebandikwa kwenye ubao kwa gundi. Aliibandua kwa kucha, polepole, na kona moja ikabaki ubaoni. Fundi alingoja, kisha akaubeba ule ubao nje pamoja na ile kona.

Wanawake walifunga mizigo. Agnes alipata pa kulala kwa rafiki yake, wakabanane kitanda kimoja. Virginia alikuwa anakwenda Sharjah kwa binamu. Aliburuta sanduku lake mpaka mlangoni, akasimama.

"Auntie, ungetuacha tuviingize," alisema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakaribia kulia.

"Ndiyo," alisema Yuliana. "Ningewaacha."

Wahid alimshushia begi mpaka chini, akakimbilia simu iliyokuwa inaita ofisini kwake. Yuliana akavuka barabara, akakaa kwenye benchi la bustani yenye bwawa, begi miguuni, khanga bado kiunoni. Aliwapigia watu aliowajua wana vitanda. Waliojaa walisema wamejaa. Waliokuwa na nafasi waliogopa, maana ukaguzi ulikuwa unapita kote. Mbele yake minara ilikuwa inawasha taa, ghorofa baada ya ghorofa, na kila taa ilikuwa na mtu wake. Alihisi woga ambao hata habari ya kifo haikumtia. Kesho alfajiri alitakiwa awe Oud Metha, amekoga, sare imenyooka.

Simu ikaita. Alikuwa Wilbard, mwenyekiti wao wa jumuiya.

"Dada Yuliana, pole tena. Tumetoka kazini sasa hivi, tumejaza magari mawili, wengi ni wale ambao jana hawakuwahi. Tumekuja na chakula. Tuelekeze nyumba."

"Rudini, Wilbard."

"Turudi wapi? Tumeshafika Al Nahda. Wewe taja jengo tu."

Yuliana aliyatazama majengo. "Matanga yameshaanuliwa," alisema.

Wilbard akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, matanga yanaanuliwaje, na mama bado hajazikwa?"