Mawingu Yanahamia Koridoni

Watu walimwita Mawingu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mchana alikuwa mtunza stoo wa zahanati. Ila kwa miaka tisa kamera yake kuukuu ilikaa juu ya paa ikipiga picha ya anga kila dakika, naye akirudi kutoka kazini aliziunga picha hizo ziwe filamu. Ukimuuliza faida yake nini, alikujibu kwa swali: "Wewe unajua wingu linakufaje?" Kuuliza si ujinga, lakini kwa Mawingu kulipita kiasi. Chai yako ilipoa bure.

Filamu zote zilikaa ndani ya kompyuta tatu za mitumba zilizonguruma katika chumba cha nyuma. Mkewe, mshonaji, alikitaka chumba hicho cha kupimia wateja nguo, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Nani atavua nguo mbele ya mitambo yako, baba watoto? Nakupa mpaka Jumapili. Ukishindwa, kaka yangu anazinunua."

Mawingu aliona njia moja tu. Mashine mbili zihamie kwenye kabati la koridoni, yeye afanye kazi kwa ile ya tatu mezani sebuleni, na waya uliokwishatandikwa ukutani umletee filamu upesi. Kasi ya zamani, gigabiti moja kwa sekunde, ilimkwamisha kila mara. Alihitaji mbili na nusu. Kutandika waya mpya asingeweza, mfukoni alikuwa na ufunguo wa stoo tu. Akaenda kwa huyo huyo shemeji, muuza kompyuta zilizotumika, akapata kadi mbili za mtandao na swichi, kile kisanduku cha kugawia mtandao, kwa bei ya udugu.

"Waya wako usiuguse," shemeji alimwambia. "Kwa umbali mfupi ule, utaibeba kasi hiyo bila jasho."

Jumamosi asubuhi akahamisha mashine, akachomeka. Gigabiti moja.

Mwingine angetukana. Mawingu alifurahi, maana kitendawili kilikuwa kimemfuata nyumbani. Alibadilisha kadi hii na ile: moja. Akaunganisha mashine mbili kwa waya mfupi, bila kupitia ukutani: mbili na nusu papo hapo! Basi ubaya ulikuwa kwenye waya wa ukutani. Akaufuata kwa kidole toka koridoni, akikagua kila msumari, hadi kwenye kona ya sebule alikokaa mkewe na cherehani.

"Nina sare za watu hapa," mkewe alisema bila kuinua macho. "Pita kule."

Akapita kule. Akabana upya ncha zote mbili za waya, bado moja. Kufika saa nane maswali yalikuwa yamemwishia, akaketi sakafuni koridoni, kimya.

Alasiri shemeji alikuja na maboksi matupu. Alidhani hayatahitajika, lakini Mawingu alikuwa ameshaanza kukunja nyaya. Cherehani ikanyamaza.

"Ngoja," mkewe akasema. Akaivuta meza yake ya cherehani kutoka ukutani.

Waya ulikuwa na kiungo kilichoviringishwa kitambaa. Ndani yake nyuzi nane za shaba zilikuwa zimesokotwa mbili mbili, kila moja imefungwa kwa uzi wa rangi yake: chungwa kwa chungwa, kijani kwa kijani.

"Ni mimi. Mwaka juzi ulipolazwa. Mkasi uliteleza. Nikaunga rangi kwa rangi, mtandao ukarudi, nikanyamaza."

"Dada, umeshona mtandao!" Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Akaeleza kwamba kiungo cha mkono huvumilia mwendo wa zamani, ila ukikimbiza zaidi, mashine husikia makelele na kurudi nyuma zenyewe.

Wakakikata, wakaweka kiungo cha dukani. Mbili na nusu. Anga la miaka tisa likafunguka mezani bila kukwama hata mara moja, na maboksi yakaondoka matupu.

Mawingu alibaki akikigeuza kile kiungo cha nyuzi kiganjani. Hakuwahi kuona kazi safi hivyo.

"Asubuhi mbona hukusema?"

"Niliona haya."

"Na sasa?"

Mkewe aliirudisha meza ukutani kwanza.

"Miaka ishirini na sita naishi na wewe. Sijawahi kukusikia umemaliza saa nzima hujauliza kitu. Niliogopa."