Kitabu cha Picha Nilichokitia Motoni

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ya arobaini ya mama yetu pale Kurui, upande wa Kisarawe, wakati wa Mwingereza. Nyumbani tulikuwa sita. Alikuwepo Maalim Zubeiri, aliyetusomesha sote Kurani. Shangazi yetu Mwanahawa, dada yake baba. Mjomba Kibwana, kaka yake mama, aliyekuwa mpishi wa Wazungu Dar es Salaam. Mdogo wangu Tatu, mwenye miaka kumi. Kitindamimba wetu Shabani, ambaye alikuwa hajatimiza mitano. Na mimi Ramadhani, mkubwa wao. Majirani walikuja baadaye kwa ajili ya khitma. Jambo ninalotaka kukusimulia lilitokea kabla hawajafika.

Baba alitangulia miaka miwili kabla ya mama. Alipoanza kuugua niliacha shule nikiwa darasa la tatu, nikashika jembe, na sikurudi tena. Mama naye alipofariki, wakubwa walikaa kutugawa. Tatu aende na mjomba Dar es Salaam, Shabani achukuliwe na shangazi, mimi nibaki na shamba. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikawaambia kwamba wadogo zangu watakaa na mimi, nitawalisha. Shangazi akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Utawalisha," akasema. "Haya. Tutaona mpaka arobaini. Nikimkuta huyu mdogo amekonda, naondoka naye, na usinililie."

Basi hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu siku zote arobaini: Shabani asikonde.

Sasa kuhusu kitabu. Mjomba alipokuja msibani alituletea viatu vya kuvaa kwa zamu, alivyokuwa amevifungia ndani ya kitabu cha picha kilichotupwa na mtoto wa bwana wake. Kilikuwa chembamba, cha rangi, maneno yake ya Kiingereza, na kila ukurasa umegawanywa vyumba vyumba. Humo mlikuwa na mtu mwenye kifua kama mlango, aliyefunika macho kwa kitambaa, anaruka angani bila mabawa. Mgongoni alikuwa na nguo nyekundu imefungwa shingoni. Suruali ilimbana, na juu ya suruali kavaa kaptula.

Shangazi alikitazama mara moja tu. "Mtu mzima na akili zake," akasema, "kaptula anaivaa juu ya suruali. Huyu akija kuposa hapa simpi hata maji."

Sisi ndugu watatu tulikuwa hatujui Kiingereza. Tatu hilo halikumzuia. Alikaa na kile kitabu siku mbili, akakipa maneno yake mwenyewe. Ile nguo nyekundu akasema ni kanga ya mama yake yule mtu. Kitambaa cha usoni ni kwa sababu macho yanamuuma. Kulikuwa na picha ya watu wengi wenye kofia wakinyoosha vidole juu, na yeye akasema wanatafuta mwezi wa Ramadhani. Pahali pengine yule mtu amebeba kitu kikubwa cha chuma, Tatu akasema ni mfuniko wa sufuria ya khitma, anaurudisha kwa wenyewe.

Mimi niliyasikia hayo kwa sikio moja tu. Nilitoka alfajiri kwenda kwenye mihogo, nikirudi jua limepinda, na kila siku nilimkuta Shabani ameshiba, tumbo limetuna. Nikajisifu moyoni kwamba mihogo yangu inamkubali.

Siku ya arobaini, basi, Maalim na mjomba wamekaa barazani mbele, wanatayarisha misahafu. Shangazi yuko uani anachambua mchele. Mimi nimepewa kazi ya kufagia ndani, kuwasha ubani, na kuhakikisha nyumba ni safi. Nilipokunja mkeka wa Shabani nikakiona kile kitabu. Hapo likanijia neno tulilosomeshwa chuoni, kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha. Nikaingiwa na hofu. Watu wanakuja kumwombea mama yangu, na mimi nimelaza picha ndani. Je, dua ikikaa mlangoni?

Sikumuuliza Maalim, na alikuwa hatua kumi kutoka pale. Sikumuuliza Tatu. Nilikwenda moja kwa moja jikoni, nikakisukuma katikati ya mafiga, chini ya sufuria ya wali.

Tatu alikuwa anakuna nazi. Aliinuka kwenye mbuzi, akatia mkono wa kulia motoni, akakitoa, akakikalia ili kizime. Alipokiinua, jalada la juu na kurasa za mwisho zilikuwa zimekwenda. Ngozi ya kiganja chake ilikuwa imeanza kutuna.

"Umefanya nini?" nikamwambia. Ndiyo, mimi ndiye niliyeuliza.

Shangazi alimpaka asali, akamfunga kitambaa, na aliposikia sababu akasema nimefanya sawa ila nimefanya kwa haraka. Khitma ikasomwa. Watu wakala, wakatuombea, wakaondoka. Shabani hakula.

Nilidhani watu wengi wamemtisha. Kesho yake hakula. Nikamkatia kipande kizuri cha kuku kilichobaki, akakigeuzia shingo. Uji akautema. Nikamwonyesha fimbo, akaitazama ile fimbo kama anayetazama ukuni. Siku ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani, na shangazi, ambaye alibaki makusudi apate kuamua, alianza kufunga nguo za mtoto kwenye kanga.

"Shangazi, nipe wiki moja," nikasema.

"Wiki nitakupa ya kuchimba kaburi? Mtoto ana siku tatu hajatia kitu tumboni, Ramadhani."

Maalim Zubeiri alipita adhuhuri ile kututazama hali. Tukamwamkia, akaitikia, akaketi. Akaona kitambaa mkononi kwa Tatu, akaona furushi la Shabani mlangoni. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Tatu.

"Mwanangu, huyu amekuwa akila vipi siku zote?"

Tatu alitazama chini. "Kwa kitabu, Maalim. Ukurasa mmoja, tonge moja. Tangu mama alipokwenda hakutaka kula, nikamwambia yule mtu akiruka anapita kwa mama, na mama kwanza huuliza, Shabani amekula? Kwa hiyo lazima ale kabla yule mtu hajafika."

Nakuambia, mwanangu, nilitamani ardhi inifiche. Siku arobaini nilijiona mimi ndiye ninayewalisha wadogo zangu, kumbe anayemlisha Shabani ni mtoto wa miaka kumi kwa kitabu cha kuokota, na mimi ndiye niliyekitia motoni.

Maalim akaomba kukiona. Tatu akakitoa ndani ya nguo yake. Mzee akakifungua polepole, majivu yanamdondokea kwenye kanzu, na alipofika kwenye ile kaptula akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanigeukia.

"Ramadhani, nani alikutuma?"

"Hakuna, Maalim. Nilihofia dua ya mama."

"Hofu yako ni nzuri. Lakini mimi nilikuwa barazani. Ungekuja nacho, ningekwambia kifunike kwa nguo, au kiweke jikoni mpaka watu watawanyike, na jambo lingekwisha. Wewe umechoma kwanza, unasikiliza siku ya tatu." Akaniwekea kile kitabu mkononi. "Umeachiwa watoto. Hukuachiwa nyumba tupu ya kufagia."

Nikamwambia Tatu amsimulie mdogo wake, ale. Tatu akatikisa kichwa. Akasema hana hadithi, na kweli uso wake ulionyesha hana.

"Basi msimulie wewe," Maalim akaniambia.

"Mimi sijui Kiingereza, Maalim."

"Na Tatu anakijua?"

Nikaketi kwenye mkeka. Sahani ya wali na kunde mbele yangu, kitabu kilichoungua gotini, Shabani amenipa mgongo. Nikaanza. Nilisimulia vibaya sana. Nikasema yule mtu aliamka asubuhi, akaenda Soga kutazama treni.

Mgongo wa Shabani ukasema, "Siyo."

"Alikwenda Soga," nikashikilia, "akapanda mihogo."

Akageuka. "Siyo, kaka. Kwanza anafunga kanga."

"Ya nani?"

"Ya mama yake," akasema, na kinywa kikiwa wazi kwa neno hilo nikamtia tonge. Akalitafuna kwa hasira, akameza, apate nafasi ya kunisahihisha tena. Nikasema wale watu wenye kofia wananyoosha vidole kwa sababu wameona nyani kwenye minazi. Akanikatalia, akala. Nikasema ule mfuniko ameuiba. Hapo akasimama wima, akala matonge mawili mfululizo, akanieleza kwa urefu kwamba ule mfuniko unarudishwa kwa wenyewe. Nyuma yangu nikasikia Tatu anacheka. Tangu msiba nilikuwa sijaisikia sauti hiyo.

Shangazi alisimama mlangoni akitazama mpaka sahani ikaisha. Akafungua lile furushi, akarudisha nguo za mtoto kwenye kamba moja moja. Akaniambia, "Mkulima hodari, lakini msimuliaji huna lolote." Kesho yake akarudi kwake peke yake.

Tukakaa pamoja sisi watatu, alhamdulillah. Nililima, Tatu akarudi shule na kuendelea nayo hadi pale wasichana wa wakati ule walipoweza kufika, na Shabani akawa dereva wa malori mwenye tumbo ambalo wewe mwenyewe umeliona.

Kitabu kile ninacho mpaka leo. Mwezi uliopita, hapa Kibaha, nilikitoa sandukuni nikampa mjukuu wangu Rehema anisomee, maana yeye Kiingereza anakijua. Nilisubiri miaka yote hii kujua kinasema nini. Akasoma, akanitafsiria. Wale wenye kofia walikuwa wanapiga kelele kwa sababu jengo linataka kuanguka. Ule mfuniko ni tangi la maji. Na yule mwenye nguvu, katika kurasa zote zilizosalia, maneno yake karibu yote ni yaleyale: kaeni mbali, niachieni mimi. Hamuulizi mtu kitu. Mama hakutajwa hata mara moja.

"Babu," Rehema akasema, "mbona hakina utamu? Mlikipendea nini?"

Nikamwambia yeye amesoma kitabu kingine, chetu aliandika bibi yake, Tatu. Nilikifunga nikiwa na furaha, kwa kweli. Nilimtazama yule mtu na kifua chake, nikamwona kijana niliyekuwa mimi, anayebeba kila kitu peke yake na kuwaambia wengine wakae mbali.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayelea wadogo zako, au wanao, au wazazi wako waliozeeka, nakuusia hivi. Usimwondolee mtu kitu mkononi kabla hujamuuliza anakitumia kwa nini, hata kama kwako ni uchafu, hata kama dini yako na akili yako zinakwambia una haki. Pengine una haki kweli. Uliza vilevile, kwa sababu kuuliza hakuchukui hata muda wa kuchemsha maji. Na usidhani kwamba anayeleta chakula ndiye pekee anayelisha. Katika kila nyumba kuna mtu mdogo anayefanya kazi kubwa asiyoijua mkubwa. Mtafute umjue mapema. Ukikosea, kaa chini kwenye mkeka, ukosolewe na mtoto, umalize sahani. Kisha umwombe radhi uliyemkosea, kwa mdomo wako, siku ileile, kabla aibu haijazoea kukaa.

Mungu akupe mkono mpole na sikio refu. Akujalie nyumba yenye watu wanaothubutu kukwambia "siyo", na akuwekee wadogo zako wote mpaka mzeeke pamoja.

Mimi hilo la mwisho nililokuusia sijalitimiza. Tatu yuko Mlandizi, si mbali na hapa. Nimempelekea mchele, nimemwozeshea watoto, nimemuuguza. Akinipa kikombe cha chai naliona kovu kwenye kiganja, naye anaona kwamba naliona, na tunazungumza habari za mvua. Miaka yote hii sijamwambia nisamehe. Anadai neno hilo moja, na bado sijampa.