Mali za Mtiarangi

Kuandika hawakunikataza, kwa hiyo hapa naliandika bila woga: Mtiarangi. Ndilo jina la ukoo wa mume wangu, limo kwenye kitambulisho changu, na kwa miaka mingi ya ndoa sikuwahi kulitoa mdomoni. Kwetu Kyela mke hamtaji baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hapishani naye njiani, hakai naye mezani, na jina lake halisemi hata akiwa peke yake chooni. Vijana wa siku hizi wanaona ni mambo ya zamani, wanapiga picha na wakwe zao bega kwa bega, lakini mimi niliolewa kwa watu wanaoshika mambo. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinikalisha chini wiki ile ile ya harusi akanipa masharti yote. Alipokwisha kusimama aondoke akakumbuka jambo, akarudi kukaa. Hata neno "rangi" nilikwepe, alisema, maana limo ndani ya jina la mzee.

Jaribuni kuishi bila neno hilo. Dukani sikuweza kuuliza kama kitenge kile kina rangi nyingine, nikawa nauliza kama kina ndugu zake. Tulipokarabati nyumba, fundi alinitajia vitu vinavyohitajika, na cha mwisho nilikwenda kukiomba kwa jina la "ile ya kupaka ukutani". Nikapewa chokaa. Ukuta wa sebuleni una chokaa mpaka leo.

Jina lenyewe lilitokana na kazi. Babu yake baba mkwe alikuwa fundi wa kutia rangi nguo. Watu walimletea marikani nyeupe, akaichemsha na magome ya miti, akaifukia kwenye tope la bondeni, na ilipotoka hapo ilikuwa nyeusi isiyochuja. Vyungu vyake vilifinyangwa na akina mama wa Ikombe, kijiji cha kando ya ziwa, vikaletwa kwa mtumbwi, vikiwa na midomo mipana kuliko vya kupikia. Huku kwetu chungu cha namna hiyo bado kinaitwa chungu cha Mtiarangi. Mimi nikikihitaji nakiomba kwa kuonyesha mikono. Kazi yenyewe haikurithiwa na mtu. Baba mkwe wangu hajui kutia rangi hata leso, na tangu nimfahamu amevaa mashati meupe tu. Aliachiwa jina, basi, na jina hilo akawa analigawa.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, huyu mume wangu, dereva wa malori, ambaye nyumbani huja kama mgeni. Na mimi nilizaa mabinti. Mzee hakuwahi kunisema kwa hilo, wala kumtuma mtu anisemee. Ila nilipojifungua wa kwanza, mashine mpya ya kukoboa mpunga ikaitwa Mtiarangi. Mwenye mashine alikuja kuomba ushauri wa jina, mzee akamwambia achukue la kwake. Nilipojifungua wa pili, boti ya injini inayopeleka abiria Ikombe ikaandikwa Mtiarangi ubavuni. Nilipojifungua wa tatu ikazaliwa timu ya mpira. Kisha nikafunga kizazi, na mzee, alipoona hana cha kusubiri tena, akafungulia kabisa. Kijiwe cha bodaboda kikaitwa Mtiarangi. Daraja la magogo, Mtiarangi. Kwaya ya vijana, Mtiarangi. Kuna mama anauza mchele sokoni, magunia yake yameandikwa Mtiarangi Grade One. Jirani yetu ana jogoo.

"Lichukueni tu," nilimsikia akisema barazani, mimi nikiwa jikoni. "Likitumika halifi."

Iliniuma. Niliona kama kila bango ni binti yangu mmoja aliyekataliwa. Halafu nilikuwa nacheka, kwa sababu adhabu yote iliniangukia mimi: kijiji kizima kilikuwa kimeandikwa neno ambalo ni mimi pekee nisiyeweza kulisema. Nikitoka Kyela mjini na mizigo, dereva wa bodaboda akiniuliza naenda wapi, nanyamaza. Baadaye wote wakazoea. Mwanamke akipanda pikipiki na kunyamaza, anapelekwa kijiwe cha Mtiarangi. Siku moja Kasumulu, mpakani, nikivuka kwenda kununua sabuni upande wa pili, ofisa aliniuliza, "Mama, unaitwa nani?" Nikamwambia, "Nimeandikwa hapo." Akasema anajua nimeandikwa hapo, anataka kunisikia. Nikamgeukia mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni nikamwomba anisemee. Yule ofisa alinikawiza pale mpaka mwenzake, Mnyakyusa, alipokuja na kumweleza kwamba mama huyu hana kosa, ameolewa tu.

Nisije nikaeleweka vibaya, mzee hakuwa mkali. Tuliishi nyumba moja, hasa baada ya mama mkwe kufariki na mabinti kuolewa, mimi na yeye tu, bila kuonana. Alikuwa akikohoa kabla ya kukata kona ili nipate kujificha migombani. Mimi niliweka chakula chake barazani, nikagonga sufuria, nikaondoka. Akishiba alikuwa akisema "Ndaga fijo" kwa sauti, akiuambia ukuta, na mimi nikiwa nyuma ya ukuta huo nilijua shukrani ni yangu. Wakati wa masika alinisogezea kuni zikae pakavu bila kusema ni nani aliyesogeza. Nilimpenda yule mzee. Sijui nilisemeje vinginevyo. Sikuwahi kumtazama usoni na nilimpenda.

Kilichoanza kupotea ni kikohozi. Nilikuwa nikitokea uani na kukutana naye ana kwa ana, na yeye hageuki. Mimi nainamisha macho, yeye ananitazama vizuri tu, kama mtu anayemtazama muuza nyanya. Siku moja akaniuliza, "Binti, wewe ni wa nyumba gani?" Niliingia migombani nikalia.

Baada ya kunisahau mimi, akajisahau na yeye. Na hapo ndipo alipoanza kuyaona mabango.

"Huyu Mtiarangi ni nani?" alimuuliza jirani yetu, yule mwenye jogoo. "Mashine yake. Boti yake. Mpaka timu ya mpira. Mtu mmoja! Sisi wengine tule wapi?"

"Mzee, Mtiarangi si ndiye wewe?"

Baba mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. "Mimi nina boti? Umeniona lini na boti? Tazama viatu vyangu."

Jirani akatazama viatu.

Kila mtu alijaribu. Mchungaji alikuja akamweleza taratibu, mzee akamsikiliza kwa heshima, kisha akamuuliza kama yeye naye hula kwa Mtiarangi, maana kwaya ni ya yule bwana. Mwenye mashine alimwapia kwamba mashine ni yake mwenyewe, aliinunua kwa kakao ya shamba lake. "Kama ni yako," mzee akamwambia, "kwa nini umeiandika jina la mwenzako? Unamwogopa." Akaja kuamini kwamba Mtiarangi ni tajiri fulani katili aliyenunua kijiji kizima, watu na midomo yao, na kwamba amebaki yeye peke yake asiyenunulika. Nilikuwa nikisikiliza haya jikoni huku nimejiziba mdomo kwa upande wa kanga. Kicheko na kilio vilikuwa vinasukumana, na siwezi kusema kipi kilikuwa kinashinda.

Kisha akaanza kumtafuta. Alitoka asubuhi na shati lake jeupe na fimbo, akaenda kumtaka Mtiarangi ajitokeze. Walimrudisha kutoka Njisi, alikokutwa katikati ya mashamba ya mpunga akiwahoji wanawake waliokuwa wakipalilia. Walimrudisha kutoka barabara ya Kasumulu, ambako mtu asiye na huruma alimwambia matajiri wa aina hiyo hukaa ng'ambo. Siku waliyomrudisha kutoka ziwani, akiwa amelowa mpaka kifuani kwa kuifuata ile boti ikiondoka, mume wangu alipiga simu akasema basi. Dada yake atakuja na gari amchukue mzee akakae naye Mbeya, kwenye nyumba yenye geti.

Najua walitaka mema. Lakini mzee alikuwa amesema mara nyingi, enzi za akili zake, kwamba Mbeya ni baridi na haina ziwa, na kwamba wakimtoa hapa wamemzika wakiwa hawajachimba. Nilijua akipanda gari lile harudi. Nani angeniuliza mimi? Kazi ya mkwe ni kufua mashati.

Nikayafua yote, nikayapiga pasi, nikayapanga kwenye begi. Wifi akafika. Na mzee, alipoambiwa wapande gari, akakataa katakata. Haendi popote kabla kesi yake haijasikilizwa. Kesi gani? Ya Mtiarangi. Akashika njia ya ofisi ya kitongoji, wifi nyuma yake, majirani nyuma ya wifi, na mimi nyuma ya wote, nikipita migombani kwa mazoea ingawa hakukuwa tena na mtu wa kumkwepa.

Mwenyekiti wa kitongoji ni mtu mwema. Aliona bora asikilize, mzee aridhike, aondoke kwa amani. Akamkalisha kwenye kiti, akashika kalamu.

"Unamlalamikia nani, mzee wangu?"

"Mtiarangi."

"Amekosa nini?"

"Amechukua kila kitu. Kila unapogeuka, yeye. Na mimi sina hata kibanda chenye jina langu."

"Na mlalamikaji ni nani?"

"Ni mimi."

"Jina lako, mzee."

Baba mkwe akafungua kinywa. Akakifunga. Akatazama mikono yake, halafu watu waliojaa mlangoni, mmoja mmoja, kama vile jina lake lingekuwa kwa mmoja wao. Kuna waliokuwa wanacheka, wakaacha.

Wifi akapiga magoti mbele yake. "Baba, wewe ndiye Mtiarangi. Mimi mwanao."

Mzee akamtazama kwa huzuni kubwa. "Hata wewe," akasema. "Wewe amekupa nini?"

Wifi akainama, mabega yakatikisika. Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Nikaona mzee ameanza kutetemeka kidevu, na nikatambua kwamba nakiona, kwamba nimesimama mlangoni namtazama usoni, uso niliokuwa sijawahi kuutazama. Ni uso wa mume wangu akiwa na hofu.

Nikaingia. Watu wakanipisha kabla hawajajua wananipisha kufanya nini. Nikasimama mbele yake.

"Tata," nikasema. "Wewe ni Mtiarangi."

Sauti ilitoka mbaya, ya mtu asiyezoea. Nikasema tena kwa nguvu zaidi. "Mtiarangi ni wewe. Baba wa mume wangu. Mtiarangi!"

Huko nje mwanamke mmoja alisema "Yesu!" Wifi aliinua kichwa akanitazama kana kwamba nimevua nguo. Na mzee akaruka kutoka kwenye kiti kama aliyekalia kaa la moto.

"We!" akafoka. "Mkwe! Unanitaja jina? Mbele za watu? Na kunikodolea macho!"

Akavua kofia akaufunika uso wake, akanigeuzia mgongo, akaukabili ukuta wa ofisi ya kitongoji. "Huyu mwanamke ana wazimu," aliuambia ukuta. "Miaka yote ana adabu, leo ananitaja jina langu kama anaita mbuzi. Mwanangu yuko wapi? Mwambieni mkewe ananidhalilisha!"

Mimi nilikuwa nimeangalia chini, nimepiga magoti, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata hata siku ya harusi yangu.

Alipotulia kidogo, akauliza bila kugeuka, "Na sisi tumekuja kufanya nini hapa?"

"Kesi, mzee," mwenyekiti akasema. "Ya Mtiarangi."

"Mimi? Mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mzee wangu. Imekwisha."

Niliwaza sana baadaye kwa nini aliniamini mimi baada ya kuwakataa mchungaji na mtoto wake wa kumzaa. Nafikiri wale wengine jina lile lilikuwa haliwagharimu kitu. Wanalitaja wakikoboa mpunga, wakishangilia goli. Kwangu mimi alijua, mahali fulani ambapo usahaulifu ulikuwa haujafika, kwamba kuna mwanamke mmoja duniani asiyeweza kulitamka isipokuwa dunia iwe imepinduka.

Wifi alirudi Mbeya peke yake. Aliliacha begi la mashati kitandani kwa mzee, na akaniaga bila kunishika mkono, lakini alipokwisha kuingia kwenye gari alishusha kioo akaniambia nisiache.

Siachi. Kila asubuhi nasimama nje ya dirisha lake na kulitamka. Siku nyingine anakuja juu papo hapo, ananifokea kwamba sina haya, kwamba mama yangu hakunifunza, na siku hiyo tunakuwa na mzee nyumbani mpaka jioni. Siku nyingine ananijibu kwa upole sana, "Huyo hakai hapa, binti." Hapo navuta pumzi nalirudia, na kulirudia, mpaka anikasirikie.