Barua za Mama na Disiki Inayokufa

Niliisoma. Nimelikana jambo hili kwa miaka kumi na miwili: makaburini, mbele ya sinia ya wali, na mara moja mbele ya imamu ambaye wala hakuwa ameniuliza. Barua pepe ya mwisho kutoka nyumbani ilinifikia. Niliifungua, nikaisoma hadi mwisho, kisha nikabonyeza mahali panaposema "weka kama haijasomwa". Ikarudi kwenye wino mzito, kama barua ambayo mkono wa mtu haujaigusa. Baada ya hapo nikaenda kula.

Nilikuwa chuo kikuu Tanzania, nikimalizia tasnifu kuhusu lugha ya heshima katika familia za mwambao wa ziwa letu. Anayetaka kucheka na acheke, mimi nimeshamtangulia. Barua ilisema mama anaumwa, nije. Siku ya kutetea tasnifu ilikuwa imepangwa siku nne mbele, na kutoka chuoni hadi nyumbani Rumonge ni safari ya siku tatu. Nikapiga hesabu yangu ya kisomi: nitatetea kwanza, kisha nitaondoka. Nilitetea, nikafaulu, nikapigwa picha, nikaondoka. Nilipofika Rumonge mama alikuwa amezikwa siku mbili nyuma. Ningeondoka siku ile niliyosoma, ningemkuta.

Dada yangu mkubwa alinipokea uani. Huku tunamwita yaya, jambo ambalo lilifanya rafiki zangu wa chuo waamini kwamba nyumbani kwetu kuna mtumishi wa kulea watoto. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu.

"Ile barua ya mwisho, ulipata?"

"Haikufika, yaya," nikasema. "Mtandao."

Huku kwetu ukishataja mtandao hakuna anayekuuliza zaidi. Yeye pia hakuuliza zaidi, siku ile. Aliuliza tena mwaka uliofuata, na mara nyingine tukiwa tunamenya ndizi kwenye harusi, bila kuinua macho, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Kila mara nilimjibu mtandao.

Lazima nieleze barua hizi zilikuwaje. Mama hakujua kusoma. Alikuwa akienda kwa bwana mmoja mwenye saiba, kiduka cha intaneti, karibu na soko, ambaye mtaa mzima ulitumia anwani yake moja. Mama alisimama nyuma ya kiti chake akasema kwa sauti ya kuvuka ziwa, na yule bwana aliandika kila kilichotoka kinywani mwake bila kukirekebisha. Barua zote zilianza hivi: "Mimi mama yako." Kisha zikaendelea: "Niko muzima. Muguu iko inauma lakini usiulize. Usikule samaki ya jana. Anakohoa. Huyu bwana ananiambia nimalize, watu wako wanangoja, na mimi nasema nao wangoje." Lile "anakohoa" lilikuwa la mwandishi mwenyewe. Alikuwa mtu mwaminifu, kikohozi nacho alikihesabu kuwa habari.

Upande wangu, mtandao wa chuo ulikuwa wa kugombaniwa. Fundi wa maabara alinifundisha ujanja: programu inayoshusha barua zote kwenye kompyuta yako kwa dakika chache, ukazisome bwenini kwa raha zako. Na kwa kuwa sanduku la barua kule zinakotunzwa lilikuwa dogo na lilijaa upesi, tukaweka alama mahali panaposema kwamba zikishashuka, zifutwe kule. Nilijiona mwerevu sana. Maana halisi ya alama ile niliielewa nikiwa tayari na mvi: barua za mama hazikuwepo popote duniani isipokuwa ndani ya kompyuta moja nzito kama tofali, iliyolala miaka yote kabatini, imefungwa kitenge.

Ndipo mwaka huu yaya akaja kutoka Kigwena, anakoishi na mume wake na michikichi yao. Alikuwa anaandaa hitima ya mama.

"Wajukuu hawamujui," alisema. "Wanajua kaburi. Mimi nataka baada ya dua wasikie alivyokuwa anasema. Weye iko na barua. Tutasoma mbili, tatu."

"Zipo," nikasema, kisha nikajuta, kwa sababu palipo na mbili tatu pana na ile moja.

Alipoondoka niliifungua ile kompyuta. Ilianza kuwaka, kisha kutoka ndani ikasikika sauti: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Kama mtu anayebisha mlango wa uani na anajua kabisa kuwa umo ndani. Nikazima. Nikawasha tena, ikabisha tena. Nyumba ninayoishi tangu nirudi kufundisha hapa ndiyo ile ya mama, na mlango wa uani ndio aliokuwa akiutumia. Nakiri nilikwenda kuchungulia. Hapakuwa na mtu, ila anga jeupe la saa nane mchana na harufu ya ndagala, dagaa wa huku, walioanikwa na jirani.

Nitasema jambo baya zaidi. Nilifurahi. Ningemwambia yaya kwamba kompyuta imekufa, na ingekuwa karibu kweli. Ile barua ingezikwa humo humo, na mimi ningebaki na neno langu la mtandao hadi siku ya kufa. Nilikaa na furaha hiyo karibu saa nzima. Kisha nikakumbuka "anakohoa", na kwamba kikohozi kile hakiko mahali pengine popote. Nikaifunga kompyuta kwenye kitenge chake, nikaenda sokoni.

Fundi ninayemwamini ni mama mmoja wa makamo anayetengeneza simu, redio na kompyuta kwenye kibanda chenye paneli ya sola. Alitega sikio kwenye mashine kama daktari.

"Hii ilianza lini kubisha hivi?"

"Leo."

"Na tangu ianze umeiwasha mara ngapi?"

"Kama mara sita."

Akaliweka bisibisi chini. "Mwalimu mzima! Mutu iko anakata roho, weye unamwamusha kila dakika umuulize habari?"

"Sikujua."

"Sovegarde iko? Ulitunza nakala fasi ingine?"

"Haiko."

"Hata kwa flashi?"

"Hata."

"Kule universite mulisoma nini?"

"Lugha."

"Ee," akasema, akimgeukia mteja mwingine aliyekuwa akisubiri simu yake. "Tumupe pole."

Aliichomoa disiki, kidude cha chuma kisichojaza kiganja, akaniambia kwamba kitu kama hicho kikishaanza kubisha kinakuwa na pumzi chache tu, na joto la Rumonge linazipunguza. Akaenda kwa wauza samaki walio mbele ya kibanda chake, akarudi na pande la barafu wanalowekea mukeke. Akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akalifunika kwa kitambaa kikavu mara mbili, na juu yake akailaza disiki. Akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake. Kibanda kizima kikanuka ziwa. Nilijiambia kwamba hivi ndivyo wanavyomlaza mtu kabla hajaoshwa, kisha nikajikemea, kisha nikaendelea kufikiri hivyo hivyo.

"Sikia," alisema. "Inaweza kutoa moja, ikakataa ya pili. Tunaanza na gani?"

Kwenye skrini yalitokea mafaili matatu, majina niliyoyapa mwenyewe nikiwa binti: Chuo, Mama, Mengine. Ndani ya Chuo kulikuwa na barua zangu zote na msimamizi wangu, maoni yake, sifa zake, ile pongezi ambayo niliwahi kuikariri.

"Mama," nikasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu: "Naweza kuchagua barua humo ndani? Nyingine nichukue, nyingine niache?"

"Hapana. Programu hii inazishona zote kuwa faili moja. Unachukua yote na mifupa yake, ao unaacha."

"Chukua."

Alisema bismillahi, akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulifika katikati, ukasimama. Ko, ko, ko. Fundi akainua kidole asiruhusu mtu kusema, na mwenye simu, ambaye hakuwa na mgonjwa pale, naye akanyamaza. Muuza samaki mmoja akaja mlangoni kuuliza barafu yake inafanya kazi gani, akaonyeshwa, akatikisa kichwa akabaki kutazama. Sisi wanne tukasubiri. Mstari ukatambaa tena, ukasimama tena, ukamaliza.

Alipojaribu Chuo, disiki ilibisha mara mbili, ikavuma kidogo, ikanyamaza. Akaigusa, akaigeuza, akailaza tena kwenye barafu. Haikusema tena neno. Kwa hiyo kile nilichokipa kipaumbele mbele ya mama yangu kilizama siku ile, juu ya barafu ya mukeke. Nakala ya karatasi ya tasnifu iko maktaba ya chuo, ambako sijasikia kwamba mtu ameiazima.

"Murakoze cane," nikamshukuru fundi.

"Nenda utie nakala fasi mbili," akanijibu. "Tatu. Na nyingine umupe mutu asiyekaa nyumba moja na weye."

Nyumbani niliifungua kwenye kompyuta yangu mpya. Orodha ikashuka: anwani ile ile ya saiba, mstari baada ya mstari, wino mwembamba wa barua zilizosomwa, na pembeni ya kila moja kimshale kidogo kinachoonyesha kwamba nilijibu. Nilisoma ya kwanza kwa sauti. Nilipofika kwenye "anakohoa", nilikohoa, sijui kwa nini, na kikohozi kilichotoka hakikuwa changu. Nilikijua. Nilikisikia utoto wangu wote kikitokea jikoni. Nikasubiri kidogo kama kitarudiwa. Sikusoma tena kwa sauti.

Na chini kabisa kulikuwa na ile. Peke yake katika orodha nzima yenye wino mzito, haina kimshale, kama mtu aliyebaki amesimama wakati wengine wote wameshakaa. Haijasomwa. Nilivyoiacha ndivyo ilivyokuwa.

Nilichokigundua hapo kilinitia baridi mchana kweupe. Ule ulikuwa ushahidi wangu. Ningepiga skrini picha, nikamtumia yaya: tazama, kumbe ilifika, lakini sikuifungua, alama ndiyo hiyo. Angeamini. Mtu yeyote angeamini. Ningetoka kwenye uongo wa mtandao na kuingia kwenye uongo mwingine ulio bora zaidi, wenye picha. Nilishika simu. Nilikuwa nimeshaiinua juu ya skrini, natafuta mahali ambapo mwanga wa dirisha hautaakisi, ilipoanza kuita mkononi mwangu.

"Amahoro, mudogo wangu. Umezipata?"

"Nimezipata, yaya. Karibu zote."

"Alhamdulillahi." Nyuma yake nilisikia mashine ya kukamua mawese. "Na ile iko mule?"

"Iko."

"Kwa hiyo ilifika."

Niliutazama ule wino mzito.

"Ilifika," nikasema. "Na niliisoma, yaya. Siku ile ile iliyofika. Nikataka nitetee kwanza."

Akamwambia mtu azime mashine. Mashine ikazimwa. Nikasikia kuku, kisha sikusikia hata kuku.

"Soma," alisema.

"Sasa hivi?"

"Soma nisikie."

Nikaifungua, na wino wake ukawa mwembamba kama wa wenzake. "Mimi mama yako," nikasoma. "Niko mugonjwa. Daktari anasema ni figo. Usingoje kumaliza. Kuja..."

"Kuja nikuone," yaya akasema kabla sijafika, "vitabu vitabaki palepale. Hata ukikuta nimelala, ingia tu, niamushe."

Ndivyo ilivyoandikwa, neno kwa neno.

"Mama alikwambia alichosema?" nikauliza.

"Mama hakuijua hiyo barua. Alikatazaga tusikuambie. Alisema, muache mutoto amalize. Ni mimi nilisimama nyuma ya kiti kwa saiba. Nikamuambia yule bwana, andika: mimi mama yako."

"Kwa nini hukuandika kwa jina lako?"

"Niliandika. Mara mbili, kabla ya hiyo. Hukujibu hata moja. Za mama ulikuwa unazijibu siku hiyo hiyo."

Nilijaribu kuzikumbuka zile mbili. Nilikumbuka kwamba zilikuwa ndefu, na kwamba nilizisogeza kando, kwenye Mengine, nizisome nikipata nafasi.

"Mama hakukungoja," alisema. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa imechoka, kama ya mtu anayetua ndoo. "Alikufa akijua uko unasoma, roho yake nyeupe. Mimi ndiye nilikuwa nakungoja. Nilikuwa peke yangu naye, siku zote zile, ninamugeuza peke yangu, na kila gari ikisimama barabarani ninatoka."

"Yaya..."

"Sasa nimejua. Nilikuwa nataka kujua tu." Akaita mtu awashe tena mashine. "Hitima ni Ijumaa. Zile zingine nitumie, watoto wachague ya kusoma."

"Na hii?"

"Hiyo, baki nayo."