Mpira Niliouosha kwa Mafuta ya Taa

Siku yangu ya kwanza gereji niliambiwa nifagie, nikafagia mara tatu. Ilikuwa Chake Chake, miaka michache kabla ya Uhuru. Gereji ilikuwa ya tajiri mmoja mwenye malori mawili ya karafuu na gari la abiria lenye bodi ya mbao, lililokwenda Wete na kurudi. Fundi Mkuu, mtu wa Unguja, alinitazama nikirudia kona ileile akasema, "Kijana, hapa hatutandiki mswala. Njoo ushike spana."

Sikuwa nimefundishwa na mtu. Nyumbani Tibirinzi nilijifunza kwa baiskeli, kuzifungua na kuzifunga mpaka nijue kila kipande kinakaa wapi, na kila nilichokifungua nilikiosha kwa mafuta ya taa. Nikiona doa, moyo haukai. Nikishafunga gurudumu, narudi kulifungua nihakikishe kuwa nimelifunga. Watu wakidhani ni bidii. Ilikuwa hofu.

Fundi Mkuu alinifundisha breki. Ukikanyaga pedeli, pistoni iliyo ndani ya silinda kuu husukuma mafuta kwenye mabomba mpaka magurudumuni. Inayozuia mafuta yasivuje ni mipira midogo kama vifuniko vya chupa.

"Mipira hii haioshwi kwa kitu chochote ila mafuta ya breki yenyewe," aliniambia. "Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana Fundi."

Mwezi wa tatu akaniachia peke yangu silinda kuu ya gari la abiria. Mipira ilikuwa mizima, ila ina utandu mweusi. Niliiosha kwa mafuta ya breki, utandu haukutoka. Nikasugua, haukutoka. Kopo la mafuta ya taa lilikuwa karibu na goti langu, na Fundi Mkuu amekwenda kuswali adhuhuri. Niliitumbukiza, nikala mhogo wangu, nikaitoa inang'aa. Nilitamani mtu wa kumwonyesha.

Siku ya tatu gari lilirudi kabla ya kufika Wete. Dereva wake, Bwana Kombo wa Gando, aliteremka akipiga kelele.

"Fundi! Pedeli ngumu kama nakanyaga kisiki! Na gari lenyewe haliendi, kama lavutwa kwa nyuma!"

Magurudumu ya mbele yalikuwa ya moto hata huwezi kuyagusa. Fundi Mkuu alianza na egemeo la pedeli, pale inapochezea, maana likishika kutu utalaumu mafuta bure. Lilikuwa laini. Akapiga jeki, gurudumu halizunguki. Akalegeza skrubu ndogo ya kutolea hewa, mafuta yakaruka, na gurudumu likazunguka kwa kidole.

"Mafuta yamekwenda, hayarudi," akasema. "Ugonjwa uko silinda kuu."

Tuliifungua. Mpira ulikuwa umevimba kama andazi, umeziba kitundu ambacho mafuta hupitia kurudi. Kila mara dereva alipokanyaga, mafuta yalinaswa mbele, breki zikabaki zimeshika.

"Mpira huu umekunywa mafuta yasiyo yake," Fundi Mkuu akasema.

Tajiri alikuwa amesimama pale na mwavuli wake. Akamgeukia Kombo. "Umeongeza nini njiani?"

"Sijaongeza kitu, Tajiri."

"Mafuta ya injini, eh? Uliona yamepungua, ukatia."

"Mie? Miaka minane naliendesha gari hili!"

"Lina roho za watu ndani. Lete ufunguo, Kombo. Nitatafuta dereva mwingine."

Kombo alitoa ufunguo, akaukamata bila kumkabidhi. "Gari ni lako, lichukue. Lakini jina la mwongo sirudi nalo kwa watoto wangu. Nileteeni Msahafu niape. Ngojeni nitawadhe."

Akaenda kwenye pipa la maji nyuma ya gereji. Nami nilikuwa na ule mpira mkononi. Nikajiambia, labda kweli ameongeza. Labda muda wa kula mhogo hautoshi kuharibu mpira. Nikachukua spana safi nikaanza kuifuta. Nikaifuta tena. Nilimsikia akisukutua.

Alirudi mikono ya shati imekunjwa, maji yakimdondoka ndevuni. Fundi Mkuu alikuwa ameuteremsha Msahafu kutoka rafuni. Kombo akanyoosha mkono.

"Ni mie," nikasema. "Niliuosha kwa mafuta ya taa."

Kombo akanigeukia. "Weye kiumbe! Umeniacha nitawadhe mpaka miguu ndo useme?"

Fundi Mkuu alicheka, kisha akaacha ghafla. Tajiri akanionyesha mlango.

"Ataondoka," Fundi Mkuu akasema, "lakini kwanza afunge alichokifungua."

Nikasafisha silinda na mabomba kwa mafuta ya breki, nikatia mipira mipya, nikatoa hewa kwenye mabomba, gurudumu baada ya gurudumu. Kombo alikaa kwenye benchi, ufunguo mkononi, hakupepesa macho. Nilipomaliza alikanyaga pedeli mwenyewe, mara nyingi. Kisha akamwambia Tajiri, "Mwache. Mwoga huyu atafunga breki vizuri kuliko mtu asiyejali."

Nikabaki. Baadaye nilihamia Wete, kisha Unguja, kwenye karakana ambayo msimamizi wake hakuwahi kunisifu wala kunigombeza, na huko ndiko nilikostaafu. Mpaka leo vijana huja na magari yenye pedeli ngumu. Nawaambia waanze na egemeo, wanyanyue magurudumu, walegeze skrubu, kisha waulize mpira umeoshwa kwa kitu gani. Nikiwasimulia kisa hiki hunisifu kwa kusema kweli. Sifa hiyo hainikai mwilini. Nilijua tangu Kombo alipotaja kisiki. Nilijua gari likiwa juu ya jeki, nikajua Tajiri akidai ufunguo, nami nikaishia kufuta spana.

Kombo naye alilijua hilo. Siku moja, gari limeshajaa abiria, alichungulia dirishani akaniuliza, "Nisingelitawadha, ungelisema?"

"Sijui, Bwana Kombo."

"Haya," akasema, akatia gia, akaenda zake.

Nimezeeka, na bado sina jibu jingine la kumpa.