Sahani za Mwarabu

Kila viongozi wa Kiarabu wanapokutana, Mwarabu wa duka la vyombo pale mtaa wa Bwiza huipakata redio yake kama mtoto mchanga. Mwanne, anayekaanga maandazi kwenye baraza ya duka hilo, amemzoea: kofia husogezwa nyuma, kidole hutafuta stesheni polepole, kisha ile sauti ya kubembeleza, "Safari hii batapatana, Mwanne. Utaona." Wakigombana, huizima, huifunika kitambaa, na hasemi nayo mpaka kesho.

Mchana ule, Iraki ikingoja kushambuliwa, viongozi hao walikuwa wametukanana mkutanoni, redio ikafunikwa. Mara risasi zikalia upande wa mtaa wa Kamenge. Wapita njia, Wahutu kwa Watutsi, wakakimbilia dukani, wakakaa kila kundi na ukuta wake, hakuna anayemtazama mwenzake. Mzee Mwarabu akaleta wali wake wa mchana kwenye sinia moja, akaliweka katikati.

"Tupatie sahani, muzee," mmoja akaomba.

"Sahani apana. Zimeisha."

Mwanne akaitazama rafu: sahani zimepangwa mpaka darini. Mkono mmoja ukanyooka kwenye sinia, kisha wa pili, kutoka ukuta wa pili. Mzee akaenda taratibu, akaifunua redio, akaigeuza iwatazame wakila.