Hadi Ijumaa

Wiki jana, kwenye foleni ya benki hapa Voi, askari wa mlangoni alimfokea mama mmoja bila sababu, na sote tukainamia simu zetu. Hapo nikamkumbuka Mkawasi, jirani yetu wa utotoni kule Rukanga.

Shuleni kila mtoto alibeba dumu la maji ya kupikia maharagwe. Siku moja Mkawasi alileta ya kisima, yale ya chumvi, badala ya maji matamu ya bomba la mlimani, akayamimina kwenye pipa. Maharagwe yakagoma kuiva. Tulishinda tukinusa moshi tu, na kiranja wetu akatangaza, "Mtu asimsemeshe huyu hadi Ijumaa!"

"Ndiyo!" darasa zima likaitikia. Na mimi nilipaza sauti, tena kwa raha.

Saa kumi tulirudi nyumbani wawili tu, madumu matupu yakitugonga magoti. Nilitangulia. Nyuma yangu Mkawasi akauliza taratibu, "Hata huku? Si tuko peke yetu?"

Niligeuka. Kweli, njia ilikuwa tupu hadi mlimani, lakini masikioni bado nilisikia ile "Ndiyo!" ya darasa zima. Nikakaza mwendo.

Nilidhani ukimya ni kama leso: unaiazima, siku ikifika unairudisha. Ijumaa nilimngoja langoni, nikamwita kwa furaha.

Aliniitikia kwa adabu, kama tulivyofundishwa kuwaitikia wageni.